Wafanyakazi wa Bwawa la Pili

Nchi yetu ina jina, lakini tangu mwaka juzi jina hilo limewekwa chini ya ulinzi ili lisichakae kwa kutajwa ovyo. Mimi nina mke na watoto, kwa hiyo sitalitaja. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye bendera mbili, moja ya siku za kawaida na moja ya siku za wageni, na kwamba katika mji wake wa Mabwawani kuna mtambo wa kusafisha majitaka. Hapo nimekuwa Afisa Uhusiano kwa miaka tisa.

Ukijiuliza mtambo wa majitaka unahitaji uhusiano na nani, hata mimi nilijiuliza hivyo, mpaka siku Mlezi wa Taifa alipokuja kututembelea.

Mlezi wa Taifa ndiye rais wetu. Tulikuwa tumepangiwa dakika arobaini: thelathini na tano za kusikiliza hotuba ya Mkurugenzi wa Mtambo, Mhandisi Hizza Makwinya, na tano za kutazama majitaka. Hotuba niliiandika mimi. Ilikuwa na kurasa kumi na nne, na neno "kimkakati" lilimo mara thelathini na moja. Lakini Mlezi aliposhuka garini alikosea njia. Badala ya kuelekea kwenye hema alikosubiriwa na Mkurugenzi, alielekea kwenye mabwawa, akamkuta Bi Sikudhani Mlekwa amepiga magoti kando ya Bwawa la Pili, anachota tope kwa kopo.

Bi Sikudhani alikuwa fundi wa mtambo. Kazi yake ilikuwa kulea bakteria. Majitaka ya mji mzima huingia katika bwawa lile, bakteria hula uchafu uliomo, na maji yanayotoka upande wa pili huwa safi kiasi cha kumwagilia bustani za mchicha na kurudi mtoni. Wanachohitaji bakteria ni hewa, ambayo mashine inaipuliza kutoka chini, na chakula, ambacho sisi wananchi tunawapelekea kila asubuhi bila kukosa.

"Unafanya nini hapo, mama?" Mlezi akauliza.

"Natazama kama wameamka salama, Mheshimiwa."

Mlezi akaomba naye atazame. Bi Sikudhani akamwekea tone moja chini ya darubini. Mlezi aliinamia ile darubini kwa muda mrefu, sisi wote tumesimama nyuma yake na tabasamu zetu zikianza kutuuma mashavuni. Alipoinuka alisema maneno ambayo kesho yake yalitoka katika magazeti yote, kwa kuwa magazeti yote ni yake:

"Wafanyakazi wengi nimewaona katika nchi hii. Hawa ndio wa kwanza kufanya kazi huku nimewapa mgongo."

Kisha akamshika Bi Sikudhani mkono. Nilihesabu. Alimshika kwa sekunde kumi na moja. Mkurugenzi alifika mbio kutoka hemani, akanyoosha mkono wake, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu Mlezi alikuwa ameshageuka kuwapungia bakteria. Dakika arobaini zikaisha. Hotuba yangu haikusomwa hata ukurasa mmoja.

Mimi sikuwa na wivu. Ile hotuba niliipeleka nyumbani na kumsomea mke wangu, akalala ukurasa wa tatu kwa uchovu wa siku.

*

Jumatatu Mkurugenzi aliniita ofisini. Gazeti lilikuwa mezani. Katika picha ya ukurasa wa kwanza alionekana Mlezi, akaonekana Bi Sikudhani na kopo lake, na pembeni kabisa kilionekana kiwiko cha suti ya kijivu.

"Bwana Akilimali, hiki ni nini?"

"Ni kiwiko, Mheshimiwa."

"Cha nani?"

"Chako, Mheshimiwa. Kimetoka vizuri."

Mhandisi Makwinya alikuwa amesoma ng'ambo miaka saba, na vyeti vyake vilijaa ukutani mpaka dirisha moja likabidi lizibwe.

"Miaka ishirini na miwili naitumikia nchi hii," akasema. "Mlezi hajaniuliza hata siku moja nimeamkaje. Anakuja kwenye mtambo wangu, anawapungia mkono wadudu."

"Bakteria, Mheshimiwa."

"Wanakula mavi, Akilimali. Wanakula mavi na wanapigiwa makofi."

Nilimwonea huruma. Nilimweleza kwamba hata mimi, pamoja na zile kurasa kumi na nne, jina langu halikutajwa popote. Hakunisikia. Mtu mwenye wivu husikia wivu wake tu, na pale ndani tulikuwa wawili.

Wiki hiyo hiyo ulitoka waraka. Bakteria wote wa Bwawa la Pili kuanzia siku hiyo wataitwa Nguvukazi ya Mkurugenzi. Darubini itahamishiwa ofisini kwa Mkurugenzi, ambako yeye mwenyewe ataikagua Nguvukazi kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza aliinamia darubini, akaona kope zake mwenyewe, akatangaza mbele ya wafanyakazi kwamba ameona viumbe virefu, vyeusi, vilivyopinda kwa heshima. Tulipiga makofi. Bi Sikudhani peke yake hakupiga, kwa sababu mikono yake ilikuwa na tope.

Wageni nao hawakumsaidia Mkurugenzi. Shule zilileta wanafunzi. Walifika getini wakauliza, "Yuko wapi yule mama wa bakteria?" Dirisha la Mkurugenzi, lile lililobaki, lilikuwa juu ya geti.

*

Ndipo ikafika barua ya kiwanda.

Kiwanda hicho kilitengeneza dawa ya kupigia deki iitwayo Ng'arika. Redioni walijisifu kwamba Ng'arika inaua vijidudu vyote vya nyumbani, pamoja na vile ambavyo havijazaliwa. Maji ya kuoshea mapipa yao walikuwa wakiyahifadhi katika shimo lao wenyewe, kwa masharti ya kibali cha zamani. Sasa shimo limejaa, na waliomba kuyaleta kwetu kwa bomba.

Utaratibu ulitaka fundi atoe maoni. Bi Sikudhani aliandika sentensi mbili: "Dawa hii imetengenezwa ili iue bakteria. Katika bwawa letu mna bakteria."

Mkurugenzi alizisoma, akazirudia. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nikaona uso wake ukikunjuka taratibu, kama mtu anayetajiwa vyakula vya karamu.

"Kwa hiyo maji haya yakiingia," akasema, "Mlezi akija tena hatakuta kitu cha kupungia mkono."

"Hata maji hayatasafika, Mheshimiwa. Bustani za bondeni zinamwagiliwa kwa—"

"Nimekuuliza habari za bustani?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Niandikie kibali. Kiwe kizuri."

Wakati huo ningeweza kuumwa tumbo. Maafisa wengi wa nchi yetu wameokoa maisha ya watu kwa kuumwa tumbo siku ya kuandika barua. Lakini nilikumbuka zile sekunde kumi na moja, nikaenda kwenye meza yangu, nikaandika: "Kwa kuzingatia maslahi mapana ya usafi wa taifa, na kwa kuwa haitarajiwi kwamba usafi unaweza kuudhuru usafi, Mamlaka haina pingamizi." Nilijisomea mara tatu kwa jinsi ilivyopendeza. Mkurugenzi akatia sahihi.

*

Maji ya Ng'arika yaliingia Jumanne asubuhi. Kufika saa nne Bwawa la Pili lilikuwa limefunikwa na povu jeupe lililofurika ukingoni na kunifika kiunoni, na mtaa mzima ulinukia limau. Watu walifurahi. Mkurugenzi aliita waandishi wa habari akawaambia kwamba nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani ambayo majitaka yake yananukia kuliko raia wake. Safari hii picha ilimtoa mzima, miguu na yote.

Bi Sikudhani hakuwepo kwenye picha. Alikuwa ameenda kufunga koki ya bomba la kiwanda. Aliikuta na kufuli jipya, na mlinzi aliyepewa maelekezo.

Alhamisi povu lilianza kutulia. Tope, ambalo siku zote hukaa chini likifanya kazi yake, lilikuwa linaelea vipande vipande kama uji ulioganda. Harufu ya limau iliondoka, ikaja nyingine ambayo Afisa Uhusiano haruhusiwi kuieleza. Maji yaliyokuwa yanatoka upande wa pili yalikuwa yale yale yaliyoingia.

Nilimkuta Bi Sikudhani stoo. Alikuwa amepanga chupa sita juu ya ubao, kila moja ina tope alilolichota Jumatatu, kabla ya bomba kufunguliwa. Ya kwanza hakuitia kitu. Ya pili aliitia tone la maji ya kiwanda, ya tatu matone mawili, na kuendelea hivyo mpaka ya sita. Katika kila chupa alitumbukiza kipimo cha hewa.

"Bakteria akiwa hai anavuta hewa, kama wewe," akanieleza bila kuniangalia. "Hewa ndani ya chupa inapungua. Njoo uone."

Katika chupa ya kwanza mshale wa kipimo ulikuwa unashuka. Katika ya tatu ulishuka kwa kusitasita. Katika ya tano ulitikisika kidogo, ukatulia. Katika ya sita haukusogea kabisa.

"Hii ya tano ni sawa na kijiko kimoja cha chai kwenye pipa zima," akasema. "Wao wametuletea mapipa mangapi?"

Nilijua idadi, kwa kuwa kibali nilikiandika mimi. Nikasema sijui.

"Miaka kumi na sita nimewalea," akasema. "Hawajaugua hawa. Wameuawa." Akafuta chupa ya sita kwa ncha ya kanga, polepole, kama mtu anayempangusa mgonjwa paji la uso. Nikiwa nimesimama pale nilitambua kwamba hakuna mtu aliyewahi kunililia hata nilipolazwa kwa pumu, na jambo hilo likanichoma, katika saa ambayo lilipaswa kunichoma jambo jingine.

*

Serikali yetu haipuuzi malalamiko. Bi Sikudhani aliandika, na baada ya siku nane ikaundwa Tume ya Kuchunguza Iwapo Kuna Jambo la Kuchunguzwa. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu aliyevaa koti la baridi mwaka mzima kwa ajili ya hadhi. Mimi niliteuliwa kuandika kumbukumbu.

"Unadai kuna vifo," Mwenyekiti akaanza. "Marehemu ni wangapi?"

"Hawahesabiki, Mheshimiwa," Bi Sikudhani akajibu. "Kwenye kijiko kimoja cha tope ni mamilioni."

"Kila kifo hujaziwa fomu, nakala tatu. Mmejaza?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Wajaziwe. Na walikuwa na umri gani?"

"Inategemea. Nusu saa. Wengine saa mbili."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Unaniambia, Bi Mlekwa, kwamba mtambo wa serikali umekuwa ukitumikisha watoto?"

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa huzuni kubwa, akasema kwamba yeye alikuwa hajui, na kwamba kama baba wa familia jambo hili limemvunja moyo. Bi Sikudhani alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Chupa zake sita zilichukuliwa kama vielelezo, zikaoshwa, zikawekewa maua.

Kuhusu fomu, makarani wa wilaya waliingia kazini mara moja. Waliandika "Bakteria wa kwanza", "Bakteria wa pili", wakajaza usiku na mchana mpaka wakafika elfu arobaini na kitu, na karatasi zote za wilaya zikaisha.

*

Mama Rehani alikuwa na bustani ya mchicha bondeni, chini ya mtambo. Alikuja ofisini kwangu Ijumaa asubuhi, akaketi bila kukaribishwa. Nilidhani ameleta malalamiko ya mchicha, kwa kuwa wiki iliyotangulia alileta fungu lililogeuka rangi ya njano, nami nikampa kipeperushi.

"Nimetoka wilayani," akasema. "Wameniambia fomu hakuna, nijaribu huku kwenu, eti ninyi ndio mlizimaliza."

"Fomu za nini, mama?"

"Za kufiwa. Mjukuu wangu Shani. Amehara siku nne. Dada yake amepona, yeye hakupona." Alikuwa anazungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyeshayasema maneno hayo kwenye madirisha mengi. "Tumeshazika. Lakini bila karatasi hawamwondoi kwenye orodha ya chanjo, wananiletea barua kwamba nimemficha."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne."

Nilifungua droo zote ili nisimtazame. Hakukuwa na fomu. Kulikuwa na nakala ya kibali, na ile sentensi yangu nzuri. Haitarajiwi kwamba usafi unaweza kuudhuru usafi.

Alasiri Tume ilipokaa niliinuka, nikasema kwamba bwawa limeuawa na maji ya kiwanda, na kwamba kuna mtoto amekufa. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama Mkurugenzi, akaniamuru niandike kilichotokea. Kisha akanisimamia mabegani mpaka nikaandika: "Afisa Uhusiano alikohoa."

Nilitoka pale nimeelewa jambo moja. Ukweli katika jengo lile haukuwa na mlango wa kuingilia. Lakini wivu ulikuwa na ufunguo wa kila chumba, na mimi wivu niliujua vizuri. Nikaenda kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, sijui kama nikwambie."

"Niambie."

"Kuna maneno kwamba Mlezi atakwenda Tambarare mwezi ujao."

Tambarare ni mji wa jirani, una mtambo kama wetu, na mkurugenzi wake alisoma darasa moja na Mhandisi Makwinya huko ng'ambo, akamzidi alama mbili.

"Kwenda kufanya nini?"

"Kuona bakteria wao. Inasemekana ni wanene."

Aliinuka kitini, akaketi, akainuka tena. "Kuliko wale wangu?"

"Wako wamekufa, Mheshimiwa."

"Najua wamekufa," akasema kwa sauti ya chini. Akaenda dirishani. "Atashikwa mkono yule. Mbele ya kamera. Yule, ambaye mimi nilimfundisha kufunga tai."

Sikusema uongo. Nilisema inasemekana, na kweli ilikuwa imesemwa, na mimi.

Koki ya kiwanda ilifungwa kabla ya magharibi. Jumamosi Bi Sikudhani alirudishwa kazini kwa barua isiyotaja kwamba aliwahi kuondolewa. Alitaka vitu viwili: bwawa limwagwe na kuoshwa, na apewe gari la kunyonya vyoo aende Tambarare kuomba tope hai la kuanzia. Mkurugenzi alitoa magari matatu, akaagiza waombe, na wakinyimwa waibe. Hawakunyimwa. Bi Sikudhani alirudi Jumatatu ameketi mbele pamoja na dereva, na mkono mmoja ameutoa dirishani kuupigapiga mwili wa gari, kama anayemtuliza ng'ombe aliyetoka mnadani.

Ilichukua wiki tano. Aliwalisha kidogo kidogo, hewa aliiongeza kwa siku, na darubini ilirudishwa stoo kwa sababu Mkurugenzi alikuwa hataki kuonekana anachelewesha. Wiki ya sita maji yalitoka safi. Mkurugenzi alipewa nishani ya Mfufuaji wa Daraja la Kwanza. Mlezi hakwenda Tambarare, wala hakuja kwetu. Siku nishani ilipotolewa alikuwa anafungua daraja lililofunguliwa mwaka jana.

*

Siku ya nishani nilimfuata Bi Sikudhani bwawani, nikamwambia kwamba kibali cha Ng'arika nilikiandika mimi.

"Najua," akasema. "Mkurugenzi hawezi kuandika sentensi ikafika mwisho."

"Mbona hukusema kwenye Tume?"

"Ungeandika nini? Kwamba nimepiga chafya?" Alitikisa kopo, akatazama tope linavyotuama. "Kwa nini uliandika?"

Nilianza kumweleza utaratibu, na wajibu wa afisa mwandikaji. Alingoja. Nikaishiwa.

"Alikushika mkono," nikasema. "Mimi niliandika kurasa kumi na nne."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alisema, "Usiniombe mimi radhi. Mimi wangu wamerudi," akanielekeza bondeni kwa kidevu.

Fomu zilikuwa zimefika kutoka mji mkuu wiki hiyo. Nilichukua nakala tatu, nikashuka. Mama Rehani alikuwa anamwagilia, mchicha umeanza kuwa wa kijani, na yule mjukuu aliyepona alikuwa anang'oa magugu upande wa pili wa tuta. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope na viatu vya ofisini. Alimaliza ndoo aliyokuwa nayo. Kisha akaigeuza, akakalia, akasema, "Jaza."

Nikajaza. Jina: Shani. Umri: miaka minne. Makazi: Bondeni.

"Hapo unaandika nini?" akauliza. Hakuwa anajua kusoma, lakini aliona kalamu imesimama.

"Sababu ya kifo, mama. Naandika kuhara."

"Andika na aliyesababisha."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Ina pembeni."

Nilitazama pembeni. Palikuwa na nafasi ya vidole viwili, iliyoachwa kwa ajili ya mhuri. Nikaandika jina la Mhandisi Hizza Makwinya kwa herufi ndogo, ili pabaki mahali pa kuandika jina la pili.

Yeye akanisogezea ndoo nyingine niikalie, kwa kuwa zilikuwa nakala tatu, na zote zilitaka kuandikwa kwa mkono.